Mashairi ya kipuuzi, kasuku au Shakespeare: picha ipi ya kale itundikwe ukutani?

Shoga yangu anayefundisha Kiswahili sekondari alikuja kwangu Tanga na picha tatu kwenye simu. Alikuwa na ukuta mmoja wa maktaba ya shule, fedha ya fremu chache tu, na hofu ya kuchagua vibaya. Picha ya kwanza ilikuwa ya shairi la kipuuzi, lile la kuchekesha tu lisilotafuta maana: mzee mwenye ndevu pana, na humo ndevuni ndege wamejenga viota. Ya pili, kasuku mwekundu juu ya tawi, kila unyoya umechorwa. Ya tatu, kutoka tamthilia ya Shakespeare ya Juliasi Kaizari: Brutus hemani usiku, na mzuka wa Kaizari umesimama mbele yake.

"Dada, zote za kale, zote za Uingereza, na zote nazipenda," akaniambia. "Nishike ipi?"

Nimekaa na aina hizi tatu za picha kwa miaka mingi, nikizitafuta, nikizichapisha na kuziharibu kwa unyevu wa pwani. Kwa hiyo sikumwambia achague iliyo nzuri zaidi, maana zote ni nzuri. Nilimwambia aziulize kila moja swali hili: ukiondolewa maneno yako, unabaki na nini? Picha ya shairi la kipuuzi ikikosa shairi lake inabaki nusu. Kasuku hapungukiwi na kitu. Picha ya tamthilia iko katikati: anayeujua mchezo ataiona yote, asiyeujua ataona watu waliovaa mashuka.

Mzee wa ndevu na kasuku wametoka mkono mmoja

Wengi hawajui kwamba picha mbili za kwanza zilichorwa na mtu mmoja. Edward Lear alizaliwa London mwaka 1812, mtoto wa 20 kati ya 21, na tangu utotoni alisumbuliwa na kifafa. Mwaka 1830, akiwa na miaka 18, alipata ruhusa ya kuchora kasuku katika bustani ya wanyama ya Regent's Park. Wakati ule wachoraji wengi wa ndege walichora maiti zilizojazwa pamba. Lear alitaka ndege hai. Mtunzaji alimshika kasuku, Lear akapima bawa, mkia na miguu, akaandika rangi pembeni mwa rasimu. Watu waliokuja kuona wanyama wakamwona yeye, wakamkodolea macho, naye akazichora nyuso zao kwenye karatasi ileile ya kasuku. Ukiziona rasimu hizo unamwona tayari mtani wa baadaye.

Kitabu chake cha kasuku kilitoka kwa mafungu kati ya 1830 na 1832: picha 42, nakala 175 tu. Alichora mwenyewe juu ya jiwe la chapa kwa kalamu ya mafuta, jiwe likachapwa kwa mchapaji Charles Hullmandel, kisha kila karatasi ikapakwa rangi za maji kwa mkono. Mawe yalikodishwa, kwa hiyo picha moja ikimalizika kuchapwa alilifuta jiwe na kuchora nyingine juu yake. Ndiyo sababu nakala zaidi haziwezi kupatikana kutoka kwenye mawe yale.

Baadaye Bwana Derby, mkabaila wa Kiingereza, alimwalika nyumbani kwake Knowsley, karibu na Liverpool, achore wanyama wa bustani yake binafsi. Huko ndiko Lear alikowaburudisha watoto wa nyumba ile kwa vishairi vifupi vya kipuuzi na vichoro vyake. Mwaka 1846 alivitoa kitabuni, vishairi 72, chini ya jina la kubuni. Jina lake halisi lilitokea katika toleo la 1861, lililoongezwa vishairi, na picha zake zikachongwa upya kwenye mbao na akina Dalziel, ndugu wachongaji.

Sasa mtazame yule mzee kwa karibu. Amechorwa kwa mistari michache, kama mtu aliyechora huku akiongea. Miguu inaning'inia, macho mviringo, ndevu zimetawanyika kama kichaka. Katika shairi analalamika kwamba alilihofia jambo hili tangu zamani: bundi wawili na kuku, vipozamataza wanne na kindege kimoja kidogo, wote wamefanya ndevu zake makazi. Kichekesho kiko katika hesabu. Macho ya msomaji yanashuka kutoka kwenye shairi hadi kwenye picha kuhesabu: bundi hawa, kuku yule pale. Ondoa shairi, na mtoto hana cha kuhesabu. Anaona mzee na ndege, basi.

Kwa hiyo ukichagua picha ya kipuuzi, umechagua pia kazi ya kutafsiri. Picha hizi haziwezi kutundikwa shuleni kwetu zikiwa na Kiingereza cha karne ya 19 peke yake. Lakini kazi hiyo ni tamu. Kiswahili kina mali ya kutosha ya maneno yanayochezea sauti, kuanzia vitendawili hadi nyimbo za watoto za kuzunguka duara ambazo hakuna anayeuliza maana yake. Darasa likipewa mzee wa ndevu na kuambiwa litunge ubeti wenye vina, kufikia kengele ya mapumziko utakuwa na beti 30.

Njia hii ilishapitiwa. Mwaka 1940 kilichapwa London kitabu cha Elisi Katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Kiswahili ya kisa cha Kiingereza cha msichana Alice. Picha mashuhuri za John Tenniel, za kitabu cha Kiingereza, zilichorwa upya, na Elisi akawa msichana Mwafrika. Aliyefanya hivyo alielewa kwamba katika hadithi ya aina hii picha na lugha vinasafiri pamoja.

Tenniel mwenyewe ni chaguo la pili ndani ya kundi hili. Picha zake za kitabu cha kwanza cha Alice, cha 1865, nazo ni 42, idadi ileile ya kasuku wa Lear. Ni tofauti kabisa na za Lear: mistari imepangwa kwa nidhamu, vivuli vimejengwa kwa misalaba midogo, mnyama amevaa koti na bado mwili wake ni wa mnyama kweli. Alikuwa mkali juu ya uchapaji. Nakala 2,000 za kwanza ziliondolewa sokoni kwa sababu hakuridhika na zilivyotoka. Ukitaka picha ya ukutani inayojaza macho, Tenniel anamshinda Lear. Ukitaka watoto washike kalamu wakachore wenyewe, Lear hana mpinzani: mtoto akimtazama mzee wa ndevu anajiambia, hata mimi naweza.

Ndege: Lear, Gould au Audubon?

Kwenye ndege nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu hupotezea fedha.

Majina matatu yatakujia kila utafutapo. Lear nimeshamtaja. John Gould alikuwa mfanyabiashara hodari wa vitabu vya ndege, na nyingi ya picha unazoziona zikiitwa za Gould hakuzichora yeye hadi mwisho. Mkewe Elizabeth alichora mamia, akafariki mwaka 1841 akiwa bado kijana, baada ya kujifungua. Katika kitabu cha ndege wa Ulaya, kilichotoka 1832 hadi 1837 kikiwa na picha 448, picha 68 ni za Lear. Kwa hiyo ukipenda picha "ya Gould", soma maandishi madogo chini yake. Kwa kawaida jina la mchoraji liko kushoto na la mchapaji kulia. Mimi huwa namtafuta Elizabeth, na ninapotundika kazi yake naandika jina lake nyuma ya fremu.

John James Audubon ni wa Marekani, ingawa kitabu chake kikubwa kilichapwa Uingereza kati ya 1827 na 1838. Picha 435, kila karatasi ikiwa na urefu wa karibu mita moja, kwa sababu alitaka kila ndege achorwe kwa ukubwa wake halisi. Ndege warefu ilibidi wakunje shingo ili waenee. Alichora ndege waliokufa, akiwanyoosha kwa waya, na picha zake zimejaa vita: wanapigana, wanakula, wanakimbizana. Kasuku wa Lear ametulia, anakutazama kama jirani aliye barazani.

Kwa chumba cha kusomea mimi nachukua utulivu wa Lear. Lakini kama unataka picha yenye kisa cha kusimulia, chukua kasuku wa Carolina wa Audubon, picha namba 26. Kundi zima la kijani na njano liko juu ya mmea wenye miiba, na aina hiyo ya ndege haipo tena duniani. Wa mwisho anayejulikana alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1918. Mwalimu yeyote wa sayansi atajua la kufanya na picha hiyo.

Usitarajie kumwona ndege wa kwetu kirahisi. Kasuku wa Lear wengi walitoka Amerika Kusini, Australia na Asia, kule meli na mabwana walikowaleta. Cherero wa Fischer, yule mdogo wa kijani mwenye uso wa rangi ya chungwa wa kusini mwa Ziwa Victoria, hakuandikwa na wanasayansi wa Ulaya hadi 1887, zaidi ya nusu karne baada ya kitabu cha Lear. Hata hivyo mtoto wa Mwanza akimwona kasuku wa Lear anamtambua papo hapo kuwa ndugu wa cherero kwa mdomo wake na namna anavyoshika tawi. Ndiyo maana nasema ndege hahitaji maneno.

Tamthilia: sisi tuna mlango wetu

Shakespeare amechorwa na wengi. Kwa msomaji wa Kiswahili jambo moja linatofautisha: tunayo tafsiri ya Mwalimu Nyerere, Juliasi Kaizari, iliyotoka kwanza 1963, na Mabepari wa Venisi ya 1969. Michezo hii miwili watu wetu wengi wanaijua kwa Kiswahili, wengine waliigiza shuleni. Kwa hiyo picha ya Kaizari, au ya Shailoki, yule mkopeshaji Myahudi wa Mabepari wa Venisi, inaweza kusimama ukutani kwetu bila kueleza. Picha ya mfalme fulani wa Kiingereza kutoka mchezo usiojulikana hapa, hata ikiwa nzuri mara mbili, itabaki bubu.

Ile ya Brutus hemani iliyokuwa kwenye simu ya shoga yangu ni ya Richard Westall, mmoja wa wachoraji walioajiriwa na John Boydell. Boydell alifungua jumba la picha za Shakespeare London mwaka 1789, akawapa wachoraji wakubwa wa siku zile kazi ya kupaka rangi matukio ya michezo, kisha picha zikachongwa kwenye mabamba ya shaba na kuuzwa. Mradi ulimfilisi. Lakini michongo ile ni ya kujaza ukuta: mikubwa, meusi na meupe, watu wana vifua na kivuli. Mtu aliye mlangoni anamwona Brutus ameshtuka.

John Gilbert ni kinyume chake. Kati ya 1856 na 1860 alichora zaidi ya picha 800 kwa toleo la michezo yote ya Shakespeare, ndogo, zimechongwa kwenye mbao na kuchapwa katikati ya maandishi. Ukutani hazionekani. Darasani ni hazina, kwani kila mchezo una picha zake na tukio kwa tukio unaweza kulitolea nakala likae kando ya ubeti wa Mwalimu. Ningekuwa ninafundisha Juliasi Kaizari, Gilbert angekuwa kwenye karatasi za wanafunzi na Westall ukutani.

Kuna Arthur Rackham pia, ambaye wengi humpenda kwanza, nami nilimpenda kwanza. Picha zake 40 za rangi za mchezo wa ndoto ya usiku wa kiangazi, za 1908, zina miti yenye vidole na nyuso zilizojificha kwenye magome. Ni za ajabu kweli. Lakini soma sehemu inayofuata kabla hujamchagua.

Jambo moja kwa walimu: wachoraji wengi wa kale walimchora Shailoki kwa chuki. Pua imerefushwa, mgongo umepindwa, na hayo hayamo katika maneno ya mchezo. Usitundike picha ya namna hiyo mbele ya watoto bila kuizungumzia. Mimi singeitundika kabisa. Robert Smirke, katika kundi la Boydell, amemchora nyumbani kwake akimkabidhi binti yake funguo. Hapo unamwona baba.

Yupi anastahimili steshenari ya mtaani?

Hapa ndipo uamuzi wa wengi wetu unapofanyika, maana hatununui asili. Tunashusha picha kwenye mtandao na kuchapisha. Maktaba ya mtandaoni ya Biodiversity Heritage Library ina kasuku wa Lear na vitabu vya Gould, shirika la Audubon limeziweka picha zote 435 bure, na maktaba ya Folger ya Washington ina michongo mingi ya Shakespeare. Wachoraji hawa wote walifariki zamani, wa mwisho akiwa Rackham mwaka 1939, na sheria za Tanzania na Kenya zinalinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Tafsiri za Mwalimu bado zinalindwa, kwa hiyo ukitaka kuuza bango lenye mistari yake, omba ruhusa kwanza.

Mzee wa ndevu hakuna mashine inayomshinda. Printa ya leza ya nyeusi pekee, karatasi ya kawaida ya A4, naye anatoka vilevile alivyotoka 1861, kwa sababu ni mstari mweusi na weupe. Tenniel na Gilbert hali kadhalika, ila faili iwe kubwa, la sivyo misalaba ya vivuli itagandamana kuwa doa. Westall anahitaji A3 na mashine inayotoa kijivu vizuri. Kasuku anahitaji printa ya wino na karatasi nzito isiyong'aa. Karatasi inayong'aa humfanya afanane na tangazo la rangi za nyumba. Rackham ndiye anayeumia kuliko wote. Rangi zake ni za udongo, kahawia juu ya kahawia, kijani kilichozimika, na printa ya kawaida huzigeuza tope. Nilimchapisha mara tatu katika maduka matatu, na mara zote zile nyuso kwenye magome zilipotea. Kama huna mchapaji mzuri wa picha, mwache.

Ukiambiwa unauziwa asili, nunua kwanza kioo cha kukuzia, kinachoongeza mara 10. Mimi niliwahi kulipia kasuku "wa 1832" kutoka kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Alipofika nikaweka kioo juu ya bawa, nikaona vinukta vya buluu, waridi na njano vimepangwa kama maua madogo. Hiyo ni chapa ya mashine ya kisasa. Jiwe la Lear halitoi nukta za namna hiyo: linatoa chembechembe zisizolingana, kama chaki juu ya ukuta mbaya, na rangi ya maji iko juu yake, mahali pengine imevuka mstari kidogo. Angalia lakini usimwonee Rackham: picha zake za 1908 zilichapwa kwa njia ya rangi tatu, kwa hiyo hata asili yake ina nukta. Michongo ya Boydell nayo ina nukta, ila zilipigwa kwa mkono na hazilingani. Pitisha kidole pembezoni utafute pia mfinyo wa bamba la shaba kwenye karatasi. Mabamba hayo yalichapwa tena New York mwaka 1852, hivyo hata mfinyo ukiwepo, uliza mwaka.

Mwisho ni unyevu na jua. Pwani, karatasi iliyogusana na kioo huota madoa ya kahawia kwa msimu mmoja wa masika. Mwambie fundi fremu aweke kadibodi isiyo na asidi kuzunguka picha ili isiguse kioo, na abandike vipande vya mpira nyuma ya pembe za fremu ili hewa ipite kati yake na ukuta. Kasuku asikae panapopigwa na jua, atapauka, mwekundu kwanza. Mzee wa ndevu wa leza hata ukimweka mkabala na dirisha atadumu.

Shoga yangu alimshika Westall, A3, kwa sababu kidato chake kinasoma Juliasi Kaizari mwaka huu. Kasuku amemwachia mwalimu wa baiolojia. Fedha iliyobaki ilitosha fremu moja ndogo, naye akamchukua mzee wa ndevu. Fundi ameshaikata kadibodi, na chini ya picha ameacha sentimita nane tupu. Wanafunzi wanaendelea kugombana kuhusu ubeti upi uandikwe hapo.